Kinachovunja Kona ya Bomba

Maji yakirudi baada ya mgao, yanayotangulia si maji. Koki ya kilula inavuma, inanyamaza, inatema matone mekundu ya kutu na udongo, inavuma tena, kisha ghafla linatoka bonge la maji lenye nguvu ya kupindua ndoo ya lita kumi. Watoto wanaupenda wakati huo. Wanaziba mdomo wa koki kwa kiganja ili wasikie upepo unavyosukuma. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri haupendi. "Bado ni hewa," anasema, anaisogeza ndoo pembeni na kuendelea na mazungumzo yake, maana kwake hewa ni kutokuwapo kwa kitu, ni muda wa kungoja tu.

Mimi nataka nikae kidogo na hiyo hewa. Nimefika mahali pa kuamini kwamba mabomba mengi ya vijijini hayavunjwi na maji, hata kama ndiyo yanayoonekana yakimwagika barabarani. Yanavunjwa na kupokezana kwa maji na hewa ndani ya njia moja. Wahandisi wa mafuta na mvuke wamelisoma jambo hili kwa miongo mingi, kwa sababu kwao linagharimu mitambo na maisha. Sisi wa maji ya kijiji tumeachiwa mlio wake.

Ninayoyasema ni ya Gwarama, kata ya wilaya ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Wazee bado wanasema Kibondo wakimaanisha nchi yote ile hadi ukaribie Kasulu. Ni Buha ya vilima, nchi ya Waha: migomba nyuma ya nyumba, mihogo imeanikwa uani, na kati ya mgongo mmoja wa ardhi na mwingine kuna bonde lenye matete na kijito. Mvua huanza Oktoba na kwenda hadi Mei. Ukiondoa miezi mibaya ya kiangazi, chemchemi zipo. Kazi ni kuyafikisha maji kwa watu, kwa kuwa watu wanapenda kujenga juu ya migongo na maji yanapenda kutokea ubavuni.

Jawabu la nchi ya namna hii ni mserereko. Unaikinga chemchemi iliyo juu, unajenga tenki, unachimba mtaro, unalaza bomba, na mvutano wa dunia unafanya kazi bila dizeli wala bili ya umeme. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini angepata maji ya bomba au kisima ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Miaka ya 1980 Norway ilisaidia kupanga maji ya vijijini katika mikoa ya Kigoma na Rukwa. Mwaka 2019 ikaanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kamati za maji zikageuka kuwa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii. Majina yamebadilika sana. Vilima vimebaki vilevile, na bomba bado linafuata ardhi: linashuka bondeni, linapanda mgongo, linashuka tena.

Kila linapopanda na kushuka, hewa inapata makao. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo inakimbilia kileleni na kukaa pale. Inaingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni mgao wenyewe: valvu ikifungwa jioni na watu wa bondeni wakaendelea kuchota, njia ya juu inakauka na hewa inachukua nafasi. Wa pili ni chanzo: kiangazi maji yakishuka hadi karibu na mdomo wa bomba, kinatokea kizunguzungu kidogo juu ya maji, na bomba linafyonza hewa pamoja na maji. Wa tatu watu wengi hawaujui. Maji yenyewe hubeba hewa iliyoyeyuka ndani yake, na presha ikipungua mahali fulani njiani hewa hiyo hujitenga, kiputo kwa kiputo, ikapanda kileleni kuungana na wenzake.

Sasa fungua valvu asubuhi. Ndani ya bomba kuna vitu viwili vinavyotaka njia moja. Mwendo ukiwa wa pole wanaelewana: maji yanapita chini, hewa inapita juu. Mwendo ukiongezeka, hewa inaanza kuchafua uso wa maji na kuinua mawimbi. Yote hayo ni salama, mpaka wimbi moja linapoinuka na kugusa dari ya bomba. Hapo njia ya hewa imezibwa. Hewa iliyo nyuma inajikusanya na kulisukuma lile wimbi lililoziba, ambalo sasa si wimbi tena, ni bonge la maji lililojaza bomba kutoka sakafu hadi dari, na linakwenda kwa mwendo wa hewa, sio kwa mwendo wa maji. Linazoa maji ya mbele yake na kuacha mengine nyuma. Nyuma yake kuna mfuko mrefu wa hewa, kisha bonge lingine. Mwaka 1954 Ovid Baker alichora ramani ya kuonyesha ni mwendo gani wa gesi na wa kimiminika unaozaa tabia hii. Mwaka 1976 Taitel na Dukler wakaeleza kwa hesabu ni lini wimbi litashindwa kurudi chini. Walikuwa wakifikiria mafuta na gesi, lakini hesabu haiulizi bomba ni la nani.

Bonge hilo likiwa kwenye bomba lililonyooka halina madhara makubwa. Shida inaanza kwenye kona.

Kitu chenye uzito kikibadilishiwa mwelekeo, kinamsukuma anayekigeuza. Kona ndiyo inayoyageuza maji, kwa hiyo kona ndiyo inayosukumwa. Chukua bomba la inchi nne, yaani kama milimita 100 kwa ndani, lenye kona ya nyuzi 90. Maji yakipita kwa mwendo wa kawaida wa mita mbili kwa sekunde, msukumo wake kwenye kona ni sawa na uzito wa kilo nne na nusu. Hata klampu iliyolegea itauvumilia. Lakini njia ikiwa imekauka, mteremko ukiwa mkali na hewa ya mbele ikiwa na pa kutokea, bonge linaweza kufika mita kumi kwa sekunde. Mwendo umeongezeka mara tano, msukumo mara ishirini na tano, kwa sababu mwendo unahesabiwa kwa kuzidishwa wenyewe kwa wenyewe: kilo 113 hivi. Gunia la mahindi limetupwa kwenye kona, likaondolewa, na baada ya sekunde chache linatupwa lingine.

Fundi mzoefu hapa atanipinga, na ana haki. Atasema presha ya maji yaliyotulia ni kubwa kuliko hiyo. Ni kweli. Tenki likiwa mita 60 juu ya kona hiyohiyo, maji yanaisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 670 hata yasipotembea hata hatua moja. Ndiyo maana njia ikifukiwa humwagwa zege nyuma ya kona. Kwa nini basi kilo 113 zivunje kilichobeba 670?

Kwa sababu ile 670 haiondoki. Mtu akiegemea mlango wako mchana kutwa, utauwekea gogo na kulala. Anayeupiga teke, akangoja, akaupiga tena, ndiye atakayekutolea bawaba. Nguvu ya presha imekaa pande zote mbili za kila kipande. Kona ya huku inavuta, kona ya kule inavuta, na chuma kilicho katikati kinabeba mvutano huo kimya. Bonge halifanyi hivyo. Likifika kona ya kwanza, kona ya pili bado ina hewa tupu. Kwa muda huo kipande kilicho kati ya kona mbili kinasukumwa upande mmoja, na hakuna wa upande wa pili wa kuusawazisha. Bomba moja la chuma lina urefu wa mita sita. Kwa mwendo wa mita kumi kwa sekunde, bonge linatumia sehemu sita za kumi za sekunde kutoka kona hadi kona. Kisha linafika kona ya pili na kusukuma kule. Kipande kimevutwa huku, kimevutwa kule, na yote yameisha kabla hujasema lolote.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonifanya niwaheshimu wanaofanya hesabu hizi. Nguvu inayokuja ghafla haihesabiki kama nguvu inayowekwa taratibu. Weka mzigo polepole juu ya bomba lililoning'inia, litapinda kiasi chake. Uachie mzigo huohuo ghafla, litapinda hadi mara mbili ya kiasi hicho kabla ya kurudi. Kiasi gani hasa kinategemea muda wa pigo ukilinganishwa na mtikisiko wa asili wa bomba. Bonge la urefu wa mita tatu linapita kona kwa sekunde 0.3. Bomba linalotikisika mara mbili kwa sekunde lina muda wa kutosha kuupokea uzito wote na kuuongeza maradufu. Gunia limekuwa mawili. Na mabonge yakija kwa mdundo unaolingana na mtikisiko wa bomba lenyewe, kila pigo linamkuta mwenzake hajatulia, na hapo hata hesabu ya mara mbili haitoshi.

Mambo haya hayaonekani kwenye bomba lililofukiwa. Udongo ulioshindiliwa ni mhandisi wa bure: unashika pande zote, unameza mtikisiko. Ukitaka kuyaona nenda mahali bomba linapovuka korongo. Hapo plastiki inaachwa, linawekwa bomba la chuma, linapanda kwenye nguzo fupi za zege, linakata korongo hewani, linashuka upande wa pili na kurudi ardhini. Kona nne, mara nyingi. Inama uangalie klampu ya nguzo ya kwanza. Bomba lote ni kijivu, limepauka kwa jua, lina vumbi na alama za kwato za mbuzi waliojaribu kulitumia kama daraja. Lakini chini ya klampu, pande zote mbili, kuna kipande cha upana wa kidole kinachong'aa kama kimepigwa msasa. Hakuna aliyekipiga msasa. Bomba limekuwa likisogea mbele na nyuma ndani ya klampu, asubuhi baada ya asubuhi, na limejisugua lenyewe hadi zinki ikaisha. Angalia sasa mizizi ya nyuzi za skrubu kwenye elbo, kile kiungo cha kona, mahali chuma kilipokatwa na kuwa chembamba. Ufa ukianza, utaanzia pale. Mapigo makubwa si lazima. Madogo yakirudiwa vya kutosha yanamaliza kazi, na siku elbo itakapokatika watu watasema ilikuwa mbovu toka dukani.

Bado sijafika mwisho wa njia, ambako mambo ni mabaya zaidi. Hewa ikisukumwa kwenye tundu dogo hutoka kwa kasi zaidi ya mara ishirini ya ile ambayo maji yangetoka nayo, kwa kuwa ni nyepesi mno. Kwa hiyo koki iliyoachwa wazi ikivuma inaruhusu safu nzima ya maji iliyo nyuma yake ikimbie. Maji yanakimbia, yanakimbia, hewa inaisha, maji yanafika kwenye tundu lilelile na kukuta hayawezi kupita kwa kasi hiyo. Yanasimama. Nikolai Zhukovsky, aliyefanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, alionyesha gharama ya kusimama huko: ndani ya bomba la chuma, kila mita moja kwa sekunde inayozimwa ghafla inaongeza presha sawa na kimo cha maji cha zaidi ya mita 100. Plastiki ni laini, inasamehe. Inapunguza pigo hadi theluthi au pungufu. Ndiyo maana mara nyingi kinachokatika ni kiungo cha chuma kilichofungwa kati ya plastiki na plastiki.

Ukitaka kuona watu waliolazimika kulichukulia bonge la maji kwa uzito wake, nenda Olkaria, karibu na ziwa Naivasha nchini Kenya. Kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi pale kilianza kazi mwaka 1981 kwa mtambo mmoja wa megawati 15. Visima vyake vinatoa mvuke na maji ya moto kwa pamoja, na mchanganyiko huo lazima usafirishwe hadi kwenye mtungi wa kuutenganisha, kwa sababu mtambo unataka mvuke mkavu. Kwa hiyo hewa na maji ya Gwarama pale ni mvuke na maji yanayochoma. Na kuna fumbo ndani yake. Chuma kikipata joto hurefuka: mita 100 za bomba zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 170 zinaongezeka sentimita 18. Ukilifunga bomba lisisogee, litajikunja au kung'oa nguzo. Ukiliacha huru lisogee, bonge la kwanza litalirusha nje ya nguzo zake. Ndiyo sababu ya zile kona kubwa zinazokata mandhari ya hifadhi ya Hell's Gate: zimewekwa ili bomba lipate pa kurefukia.

Dawa ya kwanza ya wahandisi wa mvuke ni kukwepa, yaani kuchagua upana wa bomba na mteremko ambavyo haviliachii wimbi nafasi ya kugusa dari. Ikishindikana, viwanda vya namna hii duniani hutumia kifaa ambacho kwangu ni moja ya vitu vyenye busara zaidi vilivyotengenezwa kwa chuma. Ni silinda yenye mafuta ndani, upande mmoja imefungwa kwenye bomba, upande wa pili kwenye mhimili. Bomba likirefuka taratibu kwa joto, mafuta yanapita kwenye kitundu na kifaa kinaliachia. Likirushwa ghafla, mafuta hayawahi kupita, na kifaa kinakuwa kigumu kama mwamba.

Bomba la mafuta ghafi la Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, limepangwa kupita Biharamulo na Bukombe, jirani kabisa na kwetu. Watu wakiniuliza kama nalo litakohoa, jibu ni hapana. Gesi na maji vinaondolewa kule Uganda kabla mafuta hayajaingia humo. Ugomvi wa hewa na kimiminika umeachwa kwenye mabomba ya visimani. Hiyo ndiyo anasa ya mradi wenye fedha: hewa inaondolewa mwanzoni.

Sisi tunaiondolea njiani, kwa kifaa kidogo kinachokaa kileleni mwa kila mgongo: valvu ya hewa. Ndani yake kuna boya. Hewa ikijaa boya linashuka na tundu linafunguka. Maji yakija boya linapanda na kuziba. Ni jambo jepesi kabisa, na ndilo la kwanza kufa. Linakaa mbali na nyumba, ndani ya chemba yenye mfuniko mzito ambao siku moja unakuta hauko. Mchanga ukiingia chini ya boya, valvu inavuja. Mfugaji akiona inavuja anaona mahali pa kunyweshea ng'ombe. Mlinzi wa mradi akiona ng'ombe anaifunga kwa plagi ya chuma, na kila mtu anaridhika. Kuanzia siku hiyo hewa haina mlango. Mjini nako hewa haijapata heshima kubwa zaidi. Huko inazungusha dira ya maji, na watu wanalalamika kwamba wanalipia upepo. Malalamiko hayo ni ya haki, ila yanaishia kwenye bili. Sijamsikia anayelalamika kwa niaba ya kona.

Na siku hizi kuna jambo jipya. Vijiji ambavyo chemchemi yao iko chini vinawekewa pampu ya sola. Ni neema kubwa, sitaki nieleweke vibaya. Lakini jua linachomoza na kuzama, na wingu likipita pampu inalegea. Valvu ya kuzuia maji yasirudi ikichoka, njia inakauka kila usiku na kujazwa upya kila asubuhi. Bomba la mserereko lisilo na mgao linaweza kujazwa mara moja tu likakaa limejaa kwa miaka. Hili linajazwa mara 365 kwa mwaka.

Dawa inajulikana, na si ya gharama. Ni ya subira. Wahandisi wanashauri bomba tupu lijazwe kwa mwendo usiozidi sentimita 30 kwa sekunde. Kwa lile bomba letu la inchi nne, kilomita moja inachukua karibu saa nzima. Njia ya kilomita tano, asubuhi yote. Sasa mweleze hivyo yule mama mwenye ndoo. Mweleze mlinzi wa valvu ambaye foleni nzima inajua jina lake na nyumba yake. Anazungusha usukani wote kwa mara moja kwa sababu anawahurumia watu, na huruma hiyo inafika kwenye klampu ya korongoni kama teke. Simlaumu. Nalaumu mpango uliomwachia mtu mmoja kuchagua kati ya foleni na bomba, kila asubuhi, bila hata kumwambia kwamba anachagua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa mwenyekiti na wajumbe wa chombo cha maji watakaokaa kupanga bajeti. Kabla hamjapitisha rangi ya tenki, ulizeni njia yenu ina vilele vingapi na vingapi vina valvu ya hewa inayofanya kazi. Wekeni posho ya fundi kupanda kuvikagua kila mwezi. Bomba linalovuka korongo lifungwe kwa klampu mpya zenye mpira, na kila kona iwe na cha kuiegemea. Mlinzi wa valvu aanze kujaza njia usiku, robo ya mzunguko, angoje koki za mwisho zinyamaze kuvuma ndipo aongeze. Na kama maji yanatosha japo kwa shida, acheni kufunga kabisa: njia iliyojaa nusu presha usiku kucha ni bora kuliko iliyokauka.

Fedha zikibaki, pakeni rangi.